Safari yetu ya wawili imekuwa ya wanane

*Shangazi,*

*Mimi na mume wangu tumeoana miaka 18 na tunaishi Kasarani. Kifungua mimba yuko chuoni, kitinda mimba aliingia shule ya bweni mwezi wa Januari. Mume wangu akaniahidi kuwa Julai tutasafiri, mimi na yeye tu: tuone wanyama Samburu, kisha tuendelee hadi jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana. Nimeweka pesa kwenye chama chetu cha akiba kwa ajili hiyo. Juzi mke wa rafiki yake akanipigia simu kuuliza kama tuna hema la ziada. Kumbe mume wangu amealika marafiki watatu na wake zao, na wana kundi la WhatsApp ambalo mimi simo. Nilipomwuliza alisema jangwani hakuendwi na gari moja. Tangu siku hiyo nimenyamaza. Nataka nimwambie aende na marafiki zake, mimi nibaki. Hata hivyo siku hizi tukiketi kula chakula cha jioni ni televisheni tu inayozungumza. Je, nakosea?*

*Mke wa Kasarani*

Mwanangu, una haki ya kuumia. Jambo lililopangwa na wawili halibadilishwi na mmoja, na hakuna mke anayestahili kupata habari za safari yake mwenyewe kwa mke wa mtu mwingine. Hilo mume wako lazima alisikie kutoka kinywani mwako. Kununa hakujamfundisha kitu. Amekaa na kimya chako siku zote hizi na huenda anadhani umekubali.

Lakini usibaki nyumbani. Ukimwendea na lalamiko tupu atakurudishia lilelile la gari moja, na hapo utakwama, kwa sababu kwa hilo yuko sahihi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, chumvi na vumbi hadi macho yanapoishia. Ukitoka Marsabit kuelekea Maikona na North Horr unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona gari lingine, na mtandao wa simu hupotea. Tairi likipasuka mara mbili, au gari likizama mahali penye unyevu chini ya gamba la chumvi, wawili peke yenu mtakaa juani mkimsubiri mpita njia ambaye huenda asipite siku hiyo. Kwa hiyo magari mawili au matatu, maji ya kunywa ya kutosha siku kadhaa zaidi ya mnazotarajia kukaa, matairi mawili ya akiba kwa kila gari, na mafuta yaliyojazwa Marsabit. Wazo la kuwa na wenzake ni zuri. Kosa lake ni kwamba alilitumia kuifuta ahadi yote, ilhali ni sehemu moja tu ya safari inayohitaji msafara.

Samburu haihitaji msafara. Kutoka hapo kwenu mnashika barabara ya Thika, mnapita Sagana, Karatina na Nanyuki, mnapanda hadi mashamba ya ngano ya Timau, kisha mnateremka Isiolo ambako nchi inabadilika mbele ya macho yenu kuwa kavu na yenye joto. Ni lami tupu hadi Archer's Post, mji mdogo ulio karibu na lango la Samburu, na siku hizi lami hiyo inaendelea Marsabit mpaka Moyale. Watu wawili kwenye gari moja, mkisafiri mchana, mnafika salama.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoiweka mwisho wa barua, ile ya televisheni. Nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Uliandika kana kwamba ni jambo la pembeni, nami naona ndilo jambo lenyewe. Kwa miaka 18 mmezungumza kuhusu karo, homa za watoto, nani atampeleka nani wapi. Mtoto wa mwisho amekwenda bweni na mazungumzo yale yameondoka naye. Mmebaki watu wawili wazima wanaopendana, sidhani vinginevyo, lakini mmesahau mlikuwa mkizungumza nini kabla ya watoto. Mwanamume akikaa kwenye kimya cha namna hiyo kila jioni, halafu afikirie siku kumi za kimya hichohicho ndani ya gari, anaweza kabisa kukimbilia kwa marafiki. Simjui mume wako na sitasema kwamba ndiyo sababu. Ila ningekuwa wewe ningemwuliza, tena kwa upole, kwa sababu kama ni woga huo basi mnao wote wawili na hakuna aliyekataa mwenzake.

Wewe ulisoma ule mwaliko kama dharau. Inawezekana ulikuwa woga. Dharau ingekuhitaji upigane. Woga unahitaji mpunguziane. Kwa hiyo usimwombe afute safari ya watu. Mwombe siku.

Mpango ninaokupendekezea ni huu. Muondoke Nairobi ninyi wawili, siku tatu kabla ya wengine, mkalale Samburu. Marafiki wawakute Archer's Post asubuhi ya siku ya nne, na kutoka hapo muwe msafara. Hata yeye hapotezi uso kwa wenzake: hajamfukuza mtu, amebadilisha tu mahali pa kukutania.

Kwa nini Samburu? Kwa sababu ni mahali ambapo watu wawili waliosahau kuzungumza hawalazimiki kuzungumza. Mnazima gari kando ya Ewaso Ng'iro, chini ya mikoma, na mnangoja. Wakati wa kiangazi mto huo ndio unaowaita wanyama wote wa upande huo, na Julai ni kiangazi. Ndovu wanashuka na watoto wao kuja kunywa na kuoga. Mamba wamelala kwenye mchanga. Hapo kunyamaza ni adabu ya mahali, hakumtii mtu aibu, na baada ya saa nzima mmoja wenu atanong'ona, "Tazama kule," na mwingine atauliza, "Wapi?" Mazungumzo yenu yanaweza kuanzia padogo hivyo. Msiyadharau.

Mna kazi ya kufanya pamoja pia. Kuna wanyama watano ambao watu huenda kuwatafuta kaskazini na ambao hamtawaona Maasai Mara. Kuna twiga wa kaskazini, ambaye mabaka yake yamechorwa kwa mistari myeupe iliyonyooka. Kuna punda milia wa Grevy, mkubwa kuliko yule mliyemzoea, masikio mapana ya mviringo, mistari myembamba isiyofika tumboni. Wamebaki takriban 3,000 tu porini, wengi wao nchini Kenya, kwa hiyo mkiwapata msiwapite kwa haraka. Kuna choroa wa pembe ndefu zilizonyooka. Kuna mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na miguu ya rangi ya samawati. Na kuna swala twiga, ambaye mimi ndiye ninayempenda kuliko wote: shingo ndefu, anasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia juu ya ua, anakula majani ambayo swala wengine hawayafikii, na anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji. Nunueni au mwazime darubini moja. Nasema moja kwa makusudi, mpokezane.

Jambo la pili la kudai ni gari. Mkishajiunga na wengine, gari lenu lisibebe mtu wa tatu. Najua itakavyokuwa: mmoja atasema gari lake limejaa mizigo, mwingine atataka kukaa mbele na mume wako wazungumze siasa, nawe utajikuta kiti cha nyuma na masufuria. Kataa mapema, kwa utaratibu, kabla ya kuondoka. Safari za kaskazini ni saa nyingi barabarani, na saa hizo ndizo zako. Wengine mtakuwa nao jioni, kwenye moto, na niamini kwamba baada ya siku mbili jangwani utafurahi kuwa na mwanamke mwenzako wa kuzungumza naye. Yule aliyekupigia kuuliza hema hana kosa. Inawezekana naye hakuulizwa.

Marsabit usikubali wapite mbio kwenda kujaza mafuta tu. Mlima ule una msitu na ukungu katikati ya nchi kavu, na ndani ya mbuga kuna ziwa dogo lililotulia kwenye shimo la volkano. Ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, ambaye mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe na askari usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake ya ukubwa kamili imesimama pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Bila shaka watoto wenu walipelekwa kuiona na shule. Waambie mmefika kwao Ahmed.

Chalbi kwenyewe, ombi langu ni dogo. Mkipiga kambi Kalacha, ambako chemchemi imeotesha mikoma na Wagabra huleta ngamia wao kunywa, jua likianza kulegea mwambie mumeo mtembee kidogo, ninyi wawili, msiache kuiona kambi. Mchana jangwa lile linaonyesha mazigazi, maji yasiyokuwepo. Jioni linaonyesha tu ukubwa wake. Kama kuna jambo umeshindwa kumwambia kwa miaka, pale utaona ni jepesi kidogo kulisema.

Ziwa Turkana ni zuri mno, maji ya kijani katikati ya mawe meusi, lakini upepo wake si wa mchezo. Haikuwa bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa upande huo. Hema la bei rahisi litararuka. Loiyangalani kuna nyumba za wageni. Tafuteni chumba na muache mahema kwa wanaoyataka. Kwa kurudi, barabara inayokuja Laisamis iliboreshwa wakati wa kujenga mradi huo wa upepo. Njia ya Baragoi na Maralal inavutia, lakini ina historia ya uvamizi, na hapo sitaki ushujaa wa wanaume wanne waliokunywa chai pamoja. Waulizeni polisi Isiolo na Marsabit kuhusu hali ya wiki hiyo, na msisafiri usiku popote kaskazini. Na ikiwa kwa sababu yoyote safari itasukumwa hadi Novemba, futeni Chalbi: mvua ikinyesha vumbi lile huwa tope linalomeza gari.

Kuhusu pesa nitakuwa mkali kidogo. Pesa zako za chama ni zako na za mumeo, kwa safari mliyokubaliana. Kaeni chini muandike nani analipa nini: gari, mafuta, ada za kuingia, chakula. Samburu iko chini ya serikali ya kaunti na Marsabit iko chini ya KWS, shirika la taifa la wanyamapori, kwa hiyo malipo ni mawili tofauti, na kila mmoja abebe kitambulisho ili atozwe ada ya Mkenya. Kama mafuta ya msafara yatatoka mfukoni mwenu kwa kuwa mumeo ni mkarimu, uyajue leo. Na akuingize kwenye lile kundi la WhatsApp leo hiihii. Watu wanaopanga mahali utakapolala hawawezi kuwa wanapanga bila wewe.

Sasa, utamwambia lini na vipi? Si kitandani, na si mbele ya televisheni. Jumamosi hii amkeni mapema mwende Mbuga ya Nairobi, muwe langoni alfajiri linapofunguliwa. Ni karibu, ni nafuu, ipo tangu 1946, na ina vifaru na simba wanaotazamana na majengo ya mjini. Nusu siku inatosha. Mtajua kama mnaweza kukaa ndani ya gari moja saa nne au tano, na mkiweza, Samburu haitawashinda. Mkisimama kwenye lile bwawa lenye viboko, mwambie maneno haya au yako mwenyewe: "Niliumia kusikia kwa mtu mwingine. Naelewa jangwani tunahitaji wenzetu. Lakini nilitaka safari na wewe, na bado naitaka. Nipe siku tatu za mwanzo." Kisha nyamaza umsikilize. Akianza na ule wimbo wa gari moja, mkumbushe kwamba hadi Archer's Post ni lami.

Akikataa hata hizo siku tatu, niandikie tena, maana hapo nitakuwa na maswali mengine ya kukuuliza kuhusu ndoa yenu. Sitaki kuyauliza sasa kwa mtu ambaye, kwa barua yako, kosa lake ni moja na linarekebishika.

Ila usingoje wiki mbili. Marafiki zake wakishalipia malazi ya Samburu, itakuwa vigumu kwake kuwaambia wabadilishe tarehe, na atachukua njia rahisi ya kukuambia umechelewa.

Shangazi