Mkataba ulidai majimbo 13, wao wakaanza na 9: ilikuwa halali?

SWALI: Wakili, salaam. Nafundisha historia kidato cha tano na sita. Nimeeleza darasani kwamba katiba ya Marekani ya mwaka 1787 ilianza kutumika baada ya majimbo 9 kuiridhia. Mwanafunzi mmoja kanibana: mkataba wao wa awali si ulitaka majimbo yote 13 yakubali ndipo ubadilishwe? Hayo 9 yalipata wapi mamlaka? Na yaliyogoma yalikuwa chini ya nani?

JIBU: Mwalimu, huyo mwanafunzi mshawishi asomee sheria. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Shirikisho, ulioanza kutumika tarehe 1 Machi 1781, ilitaka kila badiliko likubaliwe na Kongresi, kisha lithibitishwe na bunge la kila jimbo. Kwa kipimo hicho katiba mpya haikupita mlangoni. Ilipita dirishani.

Kwa nini dirishani? Fuata pesa. Kongresi ile ya zamani haikuweza kutoza kodi. Iliyaandikia majimbo kuomba michango; likitoa jimbo limetoa, lisipotoa basi, maana hapakuwa na mahakama ya kulibana wala rais mwenye mamlaka ya utendaji. Mwaka 1781 iliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje ili ilipe madeni ya vita. Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote kwa eneo, ikakataa mwaka uliofuata, na hoja ikafia hapo. Wakajaribu tena mwaka 1783. Safari hii aliyekwamisha ni New York, ambayo bandari yake ilikuwa ikiiingizia ushuru mnono na haikutaka kugawana.

Basi wajumbe 55 wa majimbo walipokutana Philadelphia kuandika katiba mpya, kuanzia Mei hadi Septemba 1787, tena faraghani, walijua kungoja majimbo 13 ni kuingoja Rhode Island, ambayo hata mjumbe mmoja haikutuma. Ndipo Ibara ya 7 ya katiba mpya ikasema: majimbo 9 yatosha, na wanaoridhia ni mikutano maalumu ya kila jimbo.

Hapo yamebadilishwa mambo mawili, na watu wengi huona lile la hesabu tu. La pili ndilo zito zaidi: mabunge ya majimbo yamerukwa. Ungeyaombaje mabunge yapige kura ya kujipunguzia madaraka? Isitoshe, kilichoridhiwa na bunge la jimbo, bunge lijalo la jimbo hilohilo lingeweza kudai kukifuta. Kilichoridhiwa na wajumbe waliochaguliwa na wananchi kwa kazi hiyo moja, hapana. (Tuseme ukweli, “wananchi” hao walikuwa zaidi wanaume weupe wenye mali. Watumwa hawakupiga kura, ila kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu ili kuongeza viti vya bunge vya majimbo ya mabwana zao.)

James Madison, mmoja wa wajumbe wale wa Philadelphia, alijibu hoja ya mwanafunzi wako magazetini wakati uleule: ni upuuzi hatima ya majimbo 12 ishikwe na la 13, na mkataba uliokwisha kuvunjwa na upande mmoja hauwabani wengine. Hoja ya kwanza ni ya kisiasa. Ya pili ni ya kisheria, lakini mimi naiona dhaifu, kwa sababu karibu kila jimbo lilikuwa na michango ambayo halikulipa. Kilichowaokoa hasa ni Kongresi yenyewe. Tarehe 28 Septemba 1787 ilipeleka rasimu kwenye majimbo bila kuisifu wala kuikosoa, na baada ya New Hampshire kuwa la 9, Juni 1788, ikapanga tarehe za uchaguzi. Ilijichimbia kaburi yenyewe, kwa utaratibu mzuri kabisa. Sisi tuliolelewa kwenye mjadala wa kama Hati za Muungano za 1964 ziliridhiwa ipasavyo pande zote mbili, hatuna cha kushangaa.

Serikali yenyewe ilianza kwa kuchechemea. Siku ya ufunguzi wa Kongresi mpya, 4 Machi 1789, jijini New York, walifika maseneta 8 kati ya 22. Akidi ilikuwa 12. Ilipatikana Aprili 6, kura za urais zikahesabiwa, na Charles Thomson, katibu wa ile Kongresi ya zamani, akatumwa hadi Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, kumwambia kwamba amechaguliwa. Washington aliapa Aprili 30. Na ule ushuru wa forodha? Uliwekwa kwa sheria aliyoitia saini Julai 4 mwaka huohuo.

Sasa waliogoma. Ibara ya 7 iliyabana majimbo yaliyoridhia tu. North Carolina na Rhode Island hazikumpigia Washington kura wala hazikuwa na mbunge. Kisheria zilikuwa kama nchi jirani. North Carolina iliingia Novemba 1789. Rhode Island ilikuwa imeipeleka katiba kwa wapiga kura mwaka 1788, wakaikataa: kura za ndiyo zilikuwa 237 tu, ingawa wengi wa walioiunga mkono walisusia. Mei 1790 Seneti ikapitisha muswada wa kuzuia biashara nayo. Siku chache baadaye, tarehe 29, mkutano wa Rhode Island ukaridhia: 34 kwa 32.