Uvimbe wa tezi ya shingo, TSH iko sawa, mgonjwa anaharisha: ombeni kipimo cha kalsitonini

Pole kwa kuuguliwa. Umesema dada ana uvimbe wa sentimita 2.5 kwenye tezi ya shingo, TSH (homoni inayoiamuru tezi hiyo) iko sawa, majibu ya sindano ya kuvuta seli za uvimbe hayaeleweki, na anaharisha miezi sasa bila sababu kujulikana. Kabla hajachomwa sindano ya pili, apimwe kalsitonini (homoni ya tezi hiyo) na CEA (protini inayoweza kuashiria saratani) kwenye damu.

TSH haiwezi kuwaonyesha kitu hapa. Inafuatilia seli zinazotengeneza homoni za thairoidi, lakini tezi hiyo ina seli nyingine, seli C, zinazotoa kalsitonini. Saratani yake huitwa ya medula. Ni adimu, ndiyo maana haifikiriwi mapema, na kuharisha ni dalili yake mojawapo, hasa ikishasambaa.

Sindano huikosa karibu nusu ya mara. Chini ya hadubini seli zake hubadilika sura: hapa duara na kiini kimesogea pembeni, pale nyembamba zenye ncha mbili. Mpatholojia akidokezwa, atapaka rangi maalumu: kalsitonini na kromogranini (alama za seli za aina hii) hushika, thairoglobulini (protini ya seli zinazotengeneza homoni za thairoidi) haishiki. Na mkirudia sindano, isuuzwe kwa maji ya dripu ya chumvi kiasi cha mililita 1, kisha maji hayo nayo yapimwe kalsitonini. Hapo ndipo wengi waliokoswa mwanzo hunaswa.

Damu yenyewe inataka uangalifu. Kalsitonini huoza haraka kwenye joto. Chupa iende maabara ndani ya barafu, seramu itenganishwe papo hapo na kugandishwa. Ikishinda mezani ikisubiri gari, jibu litashuka kwa uongo. Kwa upande mwingine, omeprazoli na figo dhaifu huipandisha kidogo, basi mwambieni daktari dawa zote anazotumia. Ikizidi pikogramu 100 kwa mililita, shaka ni kubwa mno.

Ikithibitika, apimwe jeni ya RET, kwa kuwa takriban robo ya wagonjwa wameirithi, na watoto wake watahusika. Iodini ya mionzi haisaidii. Tiba ni upasuaji. Lakini ugonjwa huu wa kurithi unaweza kuja na uvimbe wa tezi za juu ya figo unaolipua presha mgonjwa akiwa kwenye usingizi wa upasuaji, hata kumuua. Kwa hiyo majibu ya metanefrini, kipimo kinachofichua uvimbe huo, yawe mkononi mwa daktari wa usingizi kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.