Skrini tatu: fedha ziende kwanza kwenye kadi ya michoro

Ndugu, umeuliza kama kadi ya michoro (sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za kwenye skrini) unayotumia kwa skrini moja itamudu mchezo wa magari kwenye skrini tatu za pikseli (nukta za picha) 2560 kwa 1440. Skrini hizo kwa pamoja zina pikseli zipatazo milioni 11, kuzidi milioni 8.3 za skrini moja ya 4K, kwa hiyo fedha nyingi zielekeze kwenye kadi, ikiwezekana yenye kumbukumbu ya GB 16, kabla ya kufikiria taa za mapambo. Kebo zote uzichomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta). Ikiwa skrini za pembeni ni za kusomea ujumbe tu, kadi ya wastani inatosha. Umeme wa kwenu ukiwa unapanda na kushuka, fundi umeme akague kwanza soketi na waya wa ethi.