AC inapoza mwendoni, kwenye foleni inatoa joto

Ndugu yangu, nimekuelewa: Toyota IST yako inapoza vizuri ikitembea, ukinasa kwenye foleni ya Mwenge inapuliza hewa ya vuguvugu, na fundi ameshakujazia gesi mara 2 tangu Januari. Tafadhali usijaze tena. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua ujue inavuja mahali, na ikizidi inaweza kuua kompresa, yaani pampu ya AC.

Dalili yako inanielekeza kwenye feni ya mbele. Gari likitembea, upepo wenyewe unapoza kondensa, ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Washa AC, fungua boneti, tazama bila kuingiza mkono: inazunguka kwa nguvu? Langu lilinisumbua hivyohivyo, kumbe ni relei tu, swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni, na nilishalipia gesi bure. Feni ikiwa nzima, osha kondensa kwa maji yasiyo na presha kubwa. Filta ya ndani, nyuma ya droo ya dashibodi, badilisha tu.

Ikibidi gesi, tafuta fundi mwenye mashine ya kuvuta hewa kwenye mfumo wa AC na mizani ya kupimia gesi, na atafute panapovuja kwanza. Akikuletea gesi ya mtungi wa jikoni, ondoka, inashika moto.

Maji kudondoka chini ya gari ni kawaida, usihangaike nayo. Ila mshale wa joto ukipanda, zima AC, egesha, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Feni hiyohiyo ndiyo inayopoza injini, kwa hiyo mpelekee fundi umeme wa magari wiki hiihii.