Naingia Kidato cha Tatu: kemia nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Januari naingia Kidato cha Tatu na wakubwa wetu wanatutisha kuhusu kemia. Likizo hii ya Desemba nisome nini? Tuisheni hatuwezi kulipa, nina daftari zangu za zamani tu.
Msichana wa Kondele, Kisumu

JIBU: Sijambo, mwanangu. Daftari hizo zinatosha, tena usikimbilie mada mpya. Kinachowaangusha wengi ni moli, yaani kipimo cha wingi wa chembe za kitu, na moli humshinda asiyejua valensi (uwezo wa atomi kuungana na nyingine) na kusawazisha milinganyo (kuhakikisha atomi zinalingana pande zote mbili). Basi anza hapo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, andika fomula bila kuchungulia. Ukiweza kueleza kwa nini salfeti ya alumini ni Al₂(SO₄)₃, songa mbele.

Kisha chukua soda kali, NaOH. Kwa uzito wa atomi, sodiamu ni 23, oksijeni 16, hidrojeni 1: jumla 40. Kwa hiyo gramu 40 ni moli moja, na gramu 4 katika lita moja ya myeyusho ni moli 0.1. Je, sentimita 25 za ujazo zina moli ngapi? Zidisha 0.1 kwa 25, gawanya kwa 1000: ni 0.0025. Ikiwa soda hiyo imemalizwa nguvu na sentimita 20 za ujazo za asidi ya hidrokloriki, moli moja kwa moli moja, asidi hiyo ina moli 0.125 kwa lita. Badilisha tarakimu, urudie mpaka mkono uzoee. Hesabu hii utakutana nayo maabarani hadi mtihani wa mwisho.

Kemia ya kaboni iache kwanza. Na kabla shule haijafungwa, mwombe mwalimu wako akuazime kitabu kimoja chenye mazoezi na majibu.