Kazi za mkandarasi au ajira: fundi umeme achague lipi?

SWALI: Mimi ni fundi umeme, nipo Dodoma, nina cheti cha VETA ngazi ya tatu. Huu ni mwaka wa nne napewa kazi na mkandarasi mmoja kwa bei ya ufundi tu. Waya, mabomba na vifaa vingine analeta yeye. Mwaka jana kazi zangu zote zilifika shilingi 14,400,000. Natumia saidia fundi mmoja, nimemlipa kama 2,400,000. Nauli na mafuta ya pikipiki 1,100,000, vifaa vya kazi 900,000. Sasa kampuni nyingine inataka kuniajiri kwa mshahara wa 700,000. Wenzangu wanasema nitajishusha. Unanishauri nini?

JIBU: Fundi, umefanya jambo zuri kuandika matumizi yako, kwa sababu wengi hutaja kiasi walichokubaliana na mkandarasi wakadhani ndicho kipato chao. Mimi ni mkadiriaji majenzi na hati za malipo ya mafundi hupita mezani kwangu, kwa hiyo tuanze na namba.

Toa gharama zako, zinabaki 10,000,000. Kama mkandarasi anakuzuilia asilimia 5 ya malipo mpaka kipindi cha matazamio (muda wa kuangalia kama kazi ina kasoro) kiishe, kama ilivyo kawaida, basi 720,000 bado iko kwake. Mkononi una 9,280,000, na kodi yako bado.

Upande wa ajira, kwenye 700,000 utakatwa 70,000 ya NSSF na, kwa viwango vya sasa, 42,000 ya kodi. Utapokea 588,000, yaani 7,056,000 kwa mwaka. Mwajiri naye anaongeza 70,000 yake NSSF kila mwezi, kwa hiyo mfuko wako unakua kwa 1,680,000 kwa mwaka. Jumla ni 8,736,000. Tofauti ni ndogo kuliko wenzako wanavyodhani, na katika ajira kuna siku 28 za likizo yenye malipo na siku za ugonjwa zinazolipwa. Tena ukianguka kwenye ngazi ukiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unakuhusu, na mchango wake analipa mwajiri peke yake. Leo ukianguka unajitibu mwenyewe.

Lakini namba siyo zilizonifanya niegemee upande wa ajira. Ni ile sentensi yako ya mkandarasi mmoja. Anayejitegemea hufaidika kwa kuwa na wateja kadhaa, kupanga bei na kukataa kazi isiyolipa. Wewe ukimkataa huyu huna kwingine. Unabeba hasara za mjasiriamali huku ukiishi kwa kumtegemea bosi mmoja. Chukua mfano unaoujua: umeshatindua ukuta, umelaza mabomba, plasta imepigwa, kisha mwenye nyumba anataka soketi tatu zihamie ukuta wa pili. Kama mlikubaliana kwa mdomo bei ya pointi, yaani ya kila soketi, swichi au taa, kutindua upya ni kwa gharama yako. Aliyeajiriwa analipwa siku hiyo kama kawaida.

Ujue pia kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii jina mlilojipa. Kama mkandarasi ndiye anayekupangia saa na namna ya kufanya kazi, au unamtegemea yeye kiuchumi, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Ni hoja ya kwenda nayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi siku mkigombana.

Jibu langu lingekuwa tofauti kama ungekuwa na wakandarasi watatu wanaokutafuta na akiba ya kulipa saidia fundi miezi miwili huku ukisubiri hati ya malipo ipite. Hapo ningekwambia ubaki, usajili kampuni na uanze safari ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Wenye sifa hizo ni wachache, ila wanaoweza wanafika mbali kuliko mshahara wowote wa saiti.

Kwako wewe, kubali ajira, lakini usisaini kabla ya kusoma mambo mawili. Kwanza, mkataba uwe wa maandishi, useme saa za kazi (sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki) na malipo ya ziada. Pili, uulize wazi kama unaruhusiwa kufanya kazi zako za nje Jumapili. Wengine wanakataza, na hicho ni kipato. Kama huna leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, itafute ukiwa hapo, maana ndiyo itakayokupa nguvu ya kudai mshahara mkubwa au kurudi kujitegemea.

Na ile 720,000: kabla hujaondoka, mwandikie mkandarasi barua yenye orodha ya saiti, kiasi kilichozuiliwa kila moja na tarehe kazi ilipokabidhiwa, kisha asaini nakala yako. Omba aandike kwamba kasoro ikionekana utaitwa uirekebishe mwenyewe. Bila hivyo ataleta fundi mwingine, na gharama yake itakatwa kwenye pesa yako.