Ndege ya injini mbili juu ya ziwa

SWALI: Mhariri, nimesoma kuhusu ndege ndogo ya injini mbili iitwayo Reims-Cessna F406 Caravan II, ambayo inasemekana hubeba abiria na mizigo, na pia hufanya doria. Yawezekanaje ndege moja ifae kwa kazi zote hizo? Je, injini ya pili ni kinga ya kutosha kwa anayevuka Ziwa Victoria? — Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, F406 iliundwa Reims, Ufaransa, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1983. Jina lisikuchanganye: Caravan tuliyoizoea ina injini moja na magurudumu yasiyokunjwa, ilhali hii ina mabawa chini na magurudumu yanayokunjwa ikishapaa. Viti vyake kumi na viwili vya abiria hung'olewa panapohitajika nafasi ya shehena. Kwa doria hufungwa rada chini ya tumbo, na ndivyo forodha ya Ufaransa na wakaguzi wa uvuvi wa Scotland walivyoitumia baharini. Ningefurahi sana kuona chombo cha namna hiyo kikiwasaka wenye makokoro katika ziwa letu.

Kila injini, PT6A-112 ya nguvu farasi 500, huchoma mafuta jamii ya mafuta ya taa. Gesi ya moto huzungusha turbini mbili zisizoungana: ya kwanza huendesha kishindilia hewa kwa mizunguko inayoweza kuzidi 37,000 kwa dakika, na ya pili huzungusha pangaboi kupitia giaboksi, kwa mizunguko isiyofika 2,000.

Injini moja ikizima, rubani hugeuza mapanga yake ili makali yaelekee upepo, yasiirudishe ndege nyuma, huku akikanyaga pedali ya usukani wa mkia ili ndege isipinde kuelekea upande uliokufa. Nguvu iliyopotea ni nusu, lakini uwezo wa kupanda hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu iliyobaki huishia kuizuia ndege isishuke. Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana huzidi kuifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo injini, mapangaboi na mabawa vyote hupungukiwa. Kwa hiyo injini ya pili ni kinga ya kweli iwapo tu uzito umepimwa kwa uaminifu, na gunia la dagaa lililopakiwa bila kupita kwenye mizani linaweza kuifuta kinga hiyo kabla ndege haijaondoka ardhini.